Shajara ya mradi: baiskeli ya tairi nene ya bei nafuu kwa mchanga wa Msimbati

Lengo

Baiskeli moja ya tairi nene, inchi 26 kwa 4.0, ya daraja la chini kabisa, na kazi tatu: kupita mchanga wa njia ya Msimbati, mkoani Mtwara, bila mpanda kushuka, kupita mikoroshoni upande wa Naliendele wakati wa vumbi, na kubeba tenga la kilo 20 kutoka ufukweni mpaka Mtwara mjini. Kikomo cha fedha ni shilingi 750,000, bei ya baiskeli ikiwemo. Shokapu, mota na taa za urembo hazimo. Shokapu ya bei rahisi huongeza kilo mbili na kuja na mpira wa kuzuia mchanga usiozuia mchanga.

Siku ya 1: kuchagua

Baiskeli ya inchi 28 ya fremu ya zamani au ya milimani yenye tairi la 1.95 ni rahisi kuipata hapa. Tairi nene mara nyingi linaagizwa Kariakoo, au unavizia mtumba. Kwa hiyo ukaguzi unaanza kwenye simu, kabla hela haijatoka. Mwambie muuzaji akutumie picha hizi: ubavu wa tairi kwa karibu, masikio ya nyuma ya fremu (panapofungwa ekseli ya gurudumu) yenye rula kati yake, kranki (mikono ya pedali) upande wa mnyororo, na mnyororo ukiwa kwenye spoketi kubwa ya nyuma.

Kila picha ina sababu yake. Ubavu wa tairi wenye nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino maana yake tairi limekaa stoo miaka, na tairi la 4.0 ndilo kitu cha gharama zaidi kukibadilisha. Rula kwenye masikio inakuambia upana wa habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma: milimita 170, 175 au 190, tofauti na 135 ya baiskeli nyingi za milimani zenye diski. Usipoujua upana huo, siku habu ikifa utaagiza mara mbili. Kwenye kranki angalia kama spoketi ya mbele imefungwa kwa bolti au imegongewa rivati. Ya rivati haibadiliki. Utanunua kranki nzima. Picha ya mwisho ndiyo inayosahaulika: fremu zilizobanwa upana huruhusu mnyororo usugue tairi ukiwa gia ya kwanza. Mwanya ukiwa chini ya milimita 3, achana nayo.

Chuma au alumini? Chuma. Uzito unazidi, lakini fundi wa kuchomelea wa mashine ya kawaida anaweza kuiponya fremu ya chuma. Alumini inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Sumaku ndogo inamaliza ubishi na muuzaji.

Tuliyochukua: mtumba, fremu ya chuma, kilo 19.4, gia 7 nyuma (meno 14 hadi 28), spoketi moja mbele ya meno 36 yenye rivati, breki za diski za waya, diski za milimita 160, habu ya mbele 135, ya nyuma 170, ekseli za nati. Bei 430,000, parseli ya basi kutoka Dar es Salaam 30,000.

Siku ya 3: kuifungua yote kabla ya kuipanda

Baiskeli za daraja hili huunganishwa kiwandani kwa haraka na kwa grisi ya kupaka tu. Hii ilikuwa imeshatumika, ikasafirishwa, ikalazwa chini ya mizigo. Kuipanda kwanza "kuijaribu" ni kusaga gololi zilizokauka.

Vifaa: spana 13 hadi 17 pamoja na spana nyembamba za koni (nati zinazobana gololi za habu), funguo za L za 4, 5 na 6, kivutio cha kranki, kifungulio cha meno 12 cha friwili (fungu la spoketi za nyuma), jiliwa, tambara na nusu lita ya petroli. Kivutio cha kranki si anasa. Ukigonga kranki kwa nyundo inatoka, ni kweli, lakini nguvu yote inaishia kwenye gololi na vikombe vyake, na baada ya wiki mbili inaanza kulia.

Mambo mawili yanayoharibu baiskeli mezani kwa fundi: pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na kikombe cha ekseli ya kranki cha upande wa mnyororo nacho kina nyuzi za kinyume. Kikombe hicho unakifungua kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa. Kikigoma, usiongeze bomba kwenye spana kabla hujajihakikishia upande.

Siku ya 4: gololi na grisi

Habu ya mbele: gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. Ya nyuma: gololi 9 kila upande, za inchi 1/4. Tulikuta nyuma kushoto zipo 8, na grisi imegeuka kama udongo wa mfinyanzi. Gololi tumenunua mpya zote. Kuchanganya mpya na za zamani ni kosa, kwa sababu mpya ni kubwa kwa unywele na ndizo zitakazobeba mzigo peke yake.

Grisi tumechukua ile ya boti inayostahimili maji chumvi, kwa wauza spea za mashine za boti. Inagharimu zaidi ya grisi ya kawaida, lakini kopo moja linamaliza baiskeli tatu. Jaza kikombe, panga gololi ndani ya grisi moja moja, kisha paka duara jingine juu yake. Inayobaki nje usiifute yote: ule ukingo wa grisi ndio unaokamata mchanga kabla haujaingia.

Koni: ekseli ya nati huirekebisha mpaka mtikisiko uishe kabisa na gurudumu lizunguke lenyewe kwa uzito wa vali. Ekseli ya kufunga kwa kabari inatofautiana. Hiyo iachie mtikisiko mdogo sana, maana kabari ikibanwa inaikandamiza ekseli na mtikisiko unaisha wenyewe.

Ekseli ya kranki: vikombe vimesafishwa, grisi ile ile. Chini ya bomba lake tumetoboa tundu la milimita 5 la kutolea maji. Kisha fremu imesimamishwa kichwa chini, oili nusu kikombe ikamiminwa kupitia bomba la siti, fremu ikageuzwa huku na huku na kuachwa ichuruzike usiku kucha. Kutu ya pwani huanzia ndani ya bomba, na ukiiona nje ujue imeshamaliza kula.

Siku ya 6: rimu na spoku

Rimu pana ya milimita 80, spoku 36. Fundi aliyezoea breki za mpira atapoteza nusu siku kuinyoosha rimu mpaka isitikisike kabisa. Hapa haina haja: breki inashika diski, haishiki rimu, na tairi nene linaficha mtikisiko wa milimita 2 au 3. Kinachotafutwa ni spoku zote za upande mmoja ziwe na mkazo unaofanana. Zigonge kwa kucha moja moja na usikilize. Inayotoa sauti butu imelegea, nayo ndiyo itakayokatisha jirani yake. Robo mzunguko kwa nipeli (nati ya spoku), si zaidi, kisha rudi kuzunguka gurudumu lote. Spoku 11 zililegea nyuma, 4 mbele.

Ndani ya rimu kuna madirisha ya kupunguza uzito. Utepe uliokuja nayo ulikuwa umechanika mahali pawili, na tyubu ingefura kupitia hapo kama pulizo. Tumekata utepe mpya kutoka tyubu ya zamani ya gari dogo, upana milimita 75, tukaunyoosha na kuutoboa tundu la vali.

Siku ya 7: upepo

Hapa ndipo watu wanapoinunua baiskeli hii na kuilaumu. Wanaijaza kama baiskeli ya kawaida, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 30 au 40, inadunda kama mpira wa kikapu na kuzama mchangani kama nyingine yoyote. Tairi la 4.0 linabeba kwa eneo, na eneo linatokana na upepo mdogo.

Kwa mpanda wa kilo 72 tumeishia hapa: mchanga mkavu mlaini, mbele 5, nyuma 6. Mchanga mbichi uliokazwa na maji, 8. Barabara ya vumbi na kokoto, 10 mbele na 12 nyuma. Lami, 18. Kwa tenga la kilo 20, ongeza 2 nyuma peke yake.

Geji ya gari haisaidii, maana chini ya 10 sindano yake inabahatisha. Tumenunua ya kuishia psi 15, 20,000. Asiyekuwa nayo atumie rula. Tairi likiwa halina mzigo, pima kutoka ukingo wa rimu hadi chini. Letu lina milimita 92. Mpanda akae juu, mwenzake apime tena. Likishuka hadi 75, yaani limebonyea karibu asilimia 18, uko sawa kwa mchanga. Likishuka chini ya 68, rimu itagonga jiwe. Ukishapata, hesabu mipigo ya pampu. Pampu yetu ya kusimamia kwa miguu inaongeza takriban psi 2 kwa mipigo 5, hivyo kutoka mchanga hadi kokoto ni mipigo kama 15 nyuma.

Jua nalo linapima upepo kwa kipimo chake. Tairi lililojazwa psi 6 alfajiri, likiachwa juani mpaka mchana, hupanda zaidi ya psi 1. Kwenye lami hutaona tofauti. Kwenye mchanga, hiyo ndiyo tofauti ya kupita na kushuka.

Hasara ya upepo mdogo: tairi huteleza juu ya rimu ukishika breki kwa nguvu, likavuta tyubu, na vali inalala upande. Ikilala vya kutosha inachanika shinani, na kiraka hakishiki hapo. Dawa: pakaa poda tyubu ili itembee ndani ya tairi badala ya kushikamana nalo, usikaze nati ya vali kwenye rimu, na chora alama ya chaki kwenye tairi na rimu, zikitazamana. Alama zikiachana kwa sentimita 2, toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake, ongeza psi 1.

Siku ya 9: jaribio la kwanza, Msangamkuu

Kuvuka kwa kivuko, kilomita 14 kwenye mchanga, maji yakiwa yanapwa. Kinachofanya kazi: tairi. Kisichofanya kazi: gia. Kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa mwani, mpanda alizungusha pedali kwa nguvu ya kusimama, na ukisimama kwenye mchanga gurudumu la nyuma linachimba. Mchanga unataka ukae kitako, uzungushe miguu kwa wepesi usiobadilika, na mikono ilegee. Gia iliyopo haimruhusu mtu kufanya hivyo.

Mnyororo umeanguka mara 3 mbele. Breki ya nyuma inalia.

Siku ya 14: gia

Hesabu kwanza, ununuzi baadaye. Mzingo wa gurudumu, ukipimwa kwa chaki mpanda akiwa juu, ni mita 2.30. Gia nyepesi ya awali, 36 mbele na 28 nyuma, inasogeza baiskeli mita 2.96 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni kilomita 10.6 kwa saa, mwendo ambao mchangani hakuna anayeumudu kwa muda mrefu. Tukiweka 30 mbele na 34 nyuma tunapata mita 2.03, kilomita 7.3 kwa saa. Gia nzito, 30 kwa 14, inafika kama kilomita 24 kwa saa kwa mizunguko 80. Inatosha; baiskeli hii haishindani na bodaboda.

Friwili: ingiza kifungulio, kishikilie kwa nati ya ekseli kisiruke, kibane kwenye jiliwa na uzungushe gurudumu zima kama usukani wa lori, kinyume cha saa. Ikishaachia tu, ilegeze nati kabla ya kuendelea, la sivyo utaivunja. Itakuwa ngumu kwa sababu kila pedali iliyowahi kupigwa iliikaza. Mpya, meno 14 hadi 34, imefungwa kwa grisi kwenye nyuzi. Anayesahau grisi hiyo atakumbukwa na anayekuja kuifungua.

Kabla ya kununua friwili ya 34 angalia mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo. Wenye mkono mfupi huishia meno 28, na roleti yake ya juu itagonga spoketi. Wetu ni mrefu, tumekaza skrubu ya kuusogeza nyuma mizunguko miwili, imepita.

Kranki mpya milimita 170, ya bolti nne, spoketi ya meno 30 yenye meno manene na membamba yanayopishana. Meno ya namna hiyo yanaushika mnyororo kwa pande zote, na tangu yafungwe mnyororo haujaanguka mbele. Tulipima pia mwanya kati ya kranki ya kushoto na fremu: milimita 7. Ukipata chini ya 5, ekseli ya kranki ni fupi, tafuta ndefu, usiweke washa. Bolti za kranki zimekazwa, zikakazwa tena baada ya kilomita 20. Kranki ya tundu la mraba ikipandwa imelegea hata siku moja, tundu linakuwa duara na hairudi.

Mnyororo mpya: uzungushe spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye mkono wa gia, ongeza inchi moja, kata hapo.

Siku ya 15: breki

Breki hizi za waya zina pedi moja inayosogea na moja iliyosimama. Legeza bolti mbili za kibano, zungusha kitufe cha ndani mpaka pedi iliyosimama iguse diski, irudishe robo mzunguko, weka vocha ya simu iliyokwanguliwa kila upande wa diski, bana breki, kaza bolti kwa zamu, toa vocha. Mlio wa nyuma ulikuwa mafuta ya vidole: spiriti kwenye diski, msasa laini kwenye pedi za mbele, na nyuma pedi mpya. Kisha breki 20 kutoka mwendo wa wastani mpaka karibu kusimama, bila kulifunga gurudumu.

Diski ya 180 mbele tuliifikiria tukaiacha. Njia zetu ni tambarare; anayeshuka mlima wa Newala na mzigo ana sababu, sisi hatuna.

Siku ya 19: karia

Karia za dukani ni nyembamba, tairi linazigusa. Imechomelewa hapa: miguu ya nondo ya milimita 10, mita 2, na juu nondo ya milimita 8, mita 2.5. Uzito kilo 2.2. Upana wa ndani milimita 140, ili tairi la 100 lipate nafasi kila upande hata likibeba tope. Fimbo za kuchomelea ni za milimita 2.5. Hakuna kilichochomelewa kwenye fremu: mabomba yake ni membamba na moto unayatoboa, kwa hiyo miguu imefungwa kwa bolti za milimita 6 kwenye vitundu vya masikio, na juu kwa vibano viwili. Rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha ya mafuta.

Siku ya 23: Msimbati na mzigo

Tulipanga kwa maji, si kwa saa. Bamvua la mwezi mpevu linapwa mbali na kuacha ukanda mpana wa mchanga mgumu. Maji mafu, yanayopwa kidogo, hayaachi njia ya maana. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana haifai kesho. Kutoka mjini hadi Msimbati ni zaidi ya kilomita 40 kupitia Madimba. Lami na vumbi vimepita kwa psi 12, ukaingia mchanga ule unaonasa magari, upepo ukatolewa hadi 5 na 6, na hakuna aliyeshuka. Pembeni mwa bahari tulibaki chini ya mstari wa mwani. Juu yake kasa hutaga, na eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Kurudi na kilo 20 nyuma, upepo psi 14 kwenye vumbi la matuta, karibu na mjini gurudumu la nyuma likaanza kukaa upande. Pedi ikasugua diski.

Siku ya 24: ekseli

Gurudumu limetolewa. Ukiizungusha ekseli kwa vidole inakaza nusu mzunguko na kulegea nusu mzunguko, na hakuna marekebisho ya koni yanayoliondoa hilo. Ekseli ikatolewa na kulazwa juu ya kioo cha dirisha: inabiringika kwa kudunda, mwanga unapita chini yake karibu na mahali koni ya kulia inapokaa. Imepinda kama milimita moja. Kwa macho hutaiona.

Sababu iko kwenye umbo la habu. Habu ya friwili ya kukaza ina gololi zake za kulia ndani, upande wa kushoto wa friwili. Kutoka hapo mpaka kwenye sikio la fremu ekseli inasafiri zaidi ya sentimita 4 bila kushikwa na kitu, na mvuto wa mnyororo pamoja na mzigo wa nyuma vyote vinaangukia kwenye kipande hicho. Habu ya kaseti huweka gololi za kulia nje kabisa, karibu na sikio, ndiyo maana haina ugonjwa huu. Ukiuliza udhaifu mkubwa wa baiskeli nene za bei ya chini ni upi, si breki wala uzito. Ni hapa.

Habu ya kaseti ya milimita 170 ingetaka spoku mpya na kusukwa upya, na bajeti isingetosha. Tumeweka ekseli ya chuma cha kromoli, milimita 10, urefu 220, pamoja na koni mpya mbili. Angalizo kwa anayewaza kukata studi (fimbo yenye nyuzi) ya duka la vifaa vya ujenzi: nafasi kati ya nyuzi zake ni milimita 1.5, ya ekseli ni milimita 1, koni haziingii. Hata zingeingia, studi ni chuma laini.

Kabla ya kufunga tumekagua fremu kwa kamba, kwa sababu masikio yaliyopinda nayo hupindisha ekseli. Funga kamba sikio la kulia, ipitishe mbele ya bomba la usukani, irudishe sikio la kushoto, ivute. Pima kutoka kamba hadi bomba la siti pande zote mbili. Sisi tulipata 41 na 42. Tofauti ya milimita moja inavumilika, ikifika 3 fremu inyooshwe kwanza.

Mzigo nao umehamia mbele: tenga limesogezwa sentimita 12, katikati yake sasa iko juu ya ekseli, haiko nyuma yake. Na kwenye matuta mwenye mzigo anainuka kidogo kwenye siti.

Siku ya 31: mnyororo na chumvi

Oili inakusanya mchanga, na mchanga ndani ya oili ni msasa. Mnyororo sasa unatiwa nta ya mshumaa. Uoshe kwa petroli, mbali na moto, uanikwe mpaka harufu iishe. Gramu 200 za mshumaa ziyeyushwe ndani ya sufuria iliyokaa kwenye sufuria nyingine yenye maji, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja, kwa kuwa nta inashika moto. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha oili ya cherehani isiwe ngumu ya kukatika. Tumbukiza mnyororo dakika 10, utikise, utoe, uninginie. Ukipoa unakuwa mgumu kama fimbo, unaulainisha kwa mkono. Nta ina udhaifu wake: haizuii kutu ya maji chumvi. Kila siku ya ufukweni inafuatwa na ndoo ya maji baridi (yasiyo na chumvi), lita 10, yakimwagwa kwa kopo bila kuelekezwa kwenye habu, kisha tambara, kisha jua, na nta mpya kila baada ya safari mbili za bahari.

Pancha hadi leo: 4. Mbili za mbigili, moja ya mchongoma, moja ya jiwe la matumbawe pale Shangani. Dawa ya kuziba ya pikipiki, mililita 150 kwa kila tyubu, imemaliza za mbigili. Tyubu ya akiba ya 4.0 inabebwa daima. Ya 2.125 ya dukani itavutika na kuingia, lakini inakuwa nyembamba mno; iwe ya kufikia nyumbani taratibu.

Hesabu mpaka siku ya 40, kilomita 312

Baiskeli na parseli 460,000. Kranki na spoketi 70,000, friwili 28,000, mnyororo 18,000, gololi na grisi 15,000, ekseli na koni 25,000, pedi na waya za breki 22,000, tyubu mbili za akiba 30,000, geji 20,000, karia 45,000, rangi 12,000. Jumla 745,000. Dawa ya tyubu ilikuwepo karakanani, haikuhesabiwa, na mwenye kuanza bila kitu aiongeze, pamoja na vifungulio.

Kama tungejua mapema, ekseli ingebadilishwa siku ya 4, habu ikiwa wazi mezani.

Vipimo vya leo: mnyororo, viungo vya inchi 12, milimita 305 (mpya ni 304.8; unatupwa ukifika 307). Mwanya wa mnyororo na tairi gia ya kwanza, milimita 4. Ekseli mpya imetolewa, ikalazwa kwenye kioo kile kile, imebiringika kimya. Itatolewa tena kilomita 600, mzigo ukiwa umepanda hadi kilo 25.